Kiambatisho cha Kumi na Moja

Fomu inauliza: mlikutana wapi?
Naandika: Kutaisi, ndani ya lifti.
Haiulizi ilikwama ghorofa ya ngapi,
wala kwamba Malkhazi alikuwa juu yake, gizani,
spana mdomoni, akiniuliza kupitia tundu la dari
kama nina sarafu ya tetri ishirini,
maana lifti ile hata ikipona haiendi bure.

Nafasi ya jibu: mistari miwili.

Mimi ndiye raia, basi mimi ndiye mdhamini.
Neno la mahakamani hilo,
la mtu aliyekamatwa na ndugu wa kumtoa.
Kosa la Malkhazi ni kuzaliwa nje ya jedwali.
Nami niliyeondoka Kanada miaka sita iliyopita
nina shtaka langu, ukurasa wa nne:
thibitisha kwamba utarudi.

Baba, kule Regina, amepiga picha chumba cha chini:
kitanda, tanuri la kupashia nyumba joto, koleo la theluji.
Nyuma ameandika kwa herufi kubwa,
kama anayemwandikia kiziwi:
WATAKAA HAPA.
Niliitazama sana picha ile.
Koleo ni jipya. Karatasi ya bei bado imening'inia.

Usiku tunayapanga maisha kwa tarehe.
Risiti ya jokofu, majina mawili.
Mkataba wa nyumba.
Picha zisizidi ishirini, na watu wengine waonekane,
kwani wawili peke yao hawaaminiki.
Lakini tulioana Jumanne, mvua ikinyesha,
na shahidi mmoja alikuwa muuza maua
tuliyemkuta nje ya ofisi akijikinga kwa ndoo.
Picha ni moja tu. Nimefumba macho.
"Weka hiyo hiyo," asema Malkhazi.
"Mwongo angefumbua."

Kisha mama yake.
Barua ya jamaa wa karibu, yasema orodha, ieleze uhusiano.
Nanuli ana mtoto mmoja.
Alibanja jozi bakuli zima kabla ya kushika kalamu,
akaandika karatasi moja, pande zote mbili,
akaificha chini ya kitambaa cha meza
siku tatu.

Mtarjumani hutoza kwa ukurasa. Mhuri wake ni wa zambarau.
Alinisomea bila kuinua macho:

*Mkwe wangu hajui kukanda mkate wa jibini.*
*Lakini mwanangu akiumwa jino, asiyelala ni yeye.*
*Mvinyo humkataza mbele ya wajomba zake, wala haogopi.*
*Ndoa hii ni ya kweli.*
*Laiti ingekuwa ya uongo, ningebaki naye.*

Chini kabisa kulikuwa na neno, genatsvale.
Hapa utaambiwa hata na muuza nyanya,
ila ukilifumua ndani mna kiapo:
baya lako linipate mimi, niwe badali yako.
Mtarjumani alikuwa ameandika: Wenu mpendwa.
Nikalipa. Nikafika mlangoni. Nikarudi.
"Andika badali."
"Afisa hatakuelewa, bibie."
"Andika."

Bahasha ilikuwa na uzito wa gramu mia tisa na arobaini.
Jibu ni miezi kumi na miwili, pengine zaidi.
Wanashauri tusiuze samani.

Nanuli ameanza kunifundisha ule mkate.
Hapimi kitu. Nikiuliza unga kiasi gani
hunijibu: mpaka ukubali.

Jana lifti ilikwama tena.
Malkhazi alipanda juu, tukamsikia akigonga chuma,
akitukana taratibu, kwa adabu, sababu ya mama.
Chini tulikuwa mimi na Nanuli na gunia la unga,
na giza.
Hakusema neno.
Aliutafuta mkono wangu, akaukunjua,
akanitilia sarafu kiganjani.